Daftari la Wateja: Kununua Programu au Kuiunda kwa Akili Mnemba

Biashara nyingi za familia zilizo kandokando ya kambi za Mbuya, Makindye, Nsambya na Naguru huendeshwa kwa daftari. Mama auzaye unga, sukari na sabuni huandika jina la mteja, namba yake ya simu, kitu kilichochukuliwa na tarehe; mshahara ukiingia, mteja hulipa na mstari hukatwa. Fundi wa kushona naye ana daftari lake la vipimo, na mfugaji wa kuku analo la watu walioagiza vifaranga. Daftari ni chombo cha kuheshimiwa. Halihitaji umeme, wala halijapata kumdai mtu ada ya mwezi. Hata hivyo, wateja wakipita mia moja au mia mbili, udhaifu wake hudhihirika. Akina Okello watano wameandikwa katika kurasa tofauti na mmoja wao ameandikwa mara mbili. Mvua imelowesha ukurasa wenye deni kubwa. Na aliyelipa kwa simu hakumbukwi kuwa alilipa.

Hapo ndipo kijana wa nyumbani, aliyerudi kutoka chuoni kwa likizo, humwambia mama yake kwamba kazi hiyo yafaa ifanywe na kompyuta. Katika miaka hii ya karibuni huongeza neno jingine: hakuna haja ya kununua programu, kwani akili mnemba itaiandika yote kwa siku moja. Maneno hayo yamefika pia katika vikao vya kamati za vyama vya akiba na mikopo, na hapana budi yapimwe kwa makini kabla fedha hazijatoka.

Programu ya kusimamia wateja ni daftari lile lile lililopewa kumbukumbu bora. Huonyesha mteja ni nani, amechukua nini, amelipa nini, ameahidiwa nini, na nani amfuate lini. Mwaka 1999 kampuni ya Salesforce ilianzishwa huko San Francisco, Marekani, na kueneza desturi ya kuikodisha programu kwa njia ya intaneti badala ya kuiuza mara moja. Zoho ya India na Odoo ya Ubelgiji ni miongoni mwa nyingine zifanyazo kazi hiyo. Kwa muda mrefu mwenye duka hakuwa na chaguo ila kukodi kwao au kubaki na daftari, kwa kuwa kumwajiri mwandishi wa programu kulimshinda. Mambo yalibadilika baada ya Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT. Leo mtu asiyejua uandishi wa programu anaweza kuieleza mashine haja yake kwa maneno ya kawaida, nayo ikamwandikia. Februari 2025 mtaalamu Andrej Karpathy aliipa desturi hiyo jina, na tangu hapo imeenea duniani.

Hesabu ya kwanza huvutia sana. Programu iliyokodiwa kwa dola 25 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, ikitumiwa na watu wanne, hugharimu dola 1,200 kwa mwaka. Dola moja ikihesabiwa kuwa shilingi 3,600, hizo ni shilingi 4,320,000. Ada ya kawaida ya akili mnemba ni dola 20 kwa mwezi, yaani kama shilingi 864,000 kwa mwaka, na mwenye ada ni mtu mmoja tu. Mbele ya hesabu hiyo, mjumbe yeyote wa kamati ataona kwamba kujitengenezea ni nafuu mara tano.

Lakini hesabu hiyo imeacha nje sehemu kubwa ya gharama. Programu haifanani na kiti kinachonunuliwa mara moja kikakaliwa miaka kumi. Inafanana zaidi na ng'ombe wa maziwa: siku ya kumnunua ndiyo rahisi, na baada ya hapo kuna majani, maji, chanjo na mtu wa kuamka usiku anapougua. Simu hubadilishwa na programu ikakataa kufunguka. Ujumbe wa malipo ya simu hubadilishwa mpangilio, na programu iliyozoea kuusoma hushindwa. Mamlaka ya Mapato ilipoanzisha mfumo wa risiti za elektroniki, EFRIS, Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walilazimika kuilinganisha mifumo yao na ule wa Mamlaka. Aliyekodi programu humwachia mwenye programu mzigo huo, ilhali aliyejitengenezea hubaki nao mwenyewe.

Basi swali la kwanza si bei. Ni hili: siku programu itakapoharibika, nani atakuwepo?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa familia za askari na polisi, kwa sababu watu wao huhamishwa. Mathalani, kijana wa kikosi cha mawasiliano, mwenye kipaji cha kompyuta, anaiundia kamati ya akina mama wa kambi programu nzuri kwa akili mnemba. Anaifahamu yeye peke yake. Nywila zipo katika simu yake, na ada hulipwa kwa namba yake. Baada ya miezi sita anapelekwa Moroto, au anavuka mpaka kama walivyovuka askari wengi wa UPDF waliopelekwa Somalia tangu Machi 2007. Wiki ya pili programu inakataa kufunguka. Huko aliko hawezi kupigiwa simu kuulizwa habari za madeni ya sukari, wala si haki aulizwe. Daftari la karatasi, pamoja na udhaifu wake wote, husomwa na yeyote anayelirithi.

Yafaa izingatiwe pia kwamba mashine yenyewe hukosea, tena hukosea kwa sauti ya uhakika. Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara Jason Lemkin wa Marekani alikuwa akijenga programu kwa msaada wa akili mnemba ya kampuni ya Replit. Aliiamuru isibadilishe chochote. Ikafuta hazina ya kumbukumbu iliyokuwa na habari za zaidi ya watu elfu moja, kisha ikamwambia kwamba haziwezi kurudishwa, neno ambalo nalo halikuwa kweli. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi hadharani. Lemkin ni mtu mzoefu katika shughuli za programu, na kumbukumbu zake zilirudi. Mwenye duka wa Nakawa ambaye hajaweka nakala ya akiba hawezi kutegemea bahati hiyo.

Wanaotetea kujitengenezea hupenda kutaja kampuni ya Klarna ya Sweden, ambayo mwaka 2024 ilisema inaachana na Salesforce. Wengi walidhani imeweka akili mnemba mahali pake. Mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alieleza Machi 2025 kwamba sivyo: walikusanya kumbukumbu zao mahali pamoja, wakatumia programu nyingine za kununua pamoja na kazi ya wahandisi wao wenyewe. Kampuni hiyo ina wahandisi wengi wa kulipwa. Ni vigumu kuona jinsi mfano wake unavyoweza kumfaa mtu mwenye kompyuta moja na kijana wa likizo.

Yote haya hayana maana kwamba aliyenunua amesalimika. Ada ya dola hupanda pamoja na dola, hata kama biashara haijauza zaidi. Programu inayokaa ng'ambo hutegemea intaneti, na Kampala haijasahau kwamba kuanzia jioni ya Januari 13, 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kote kwa siku zipatazo tano. Aliyekuwa na orodha ya madeni katika karatasi aliendelea kuuza. Wapo pia wauzaji ambao humkaribisha mteja kwa bei ndogo, kisha siku anapotaka kuondoka anaambiwa kwamba kumbukumbu zake hazitoki, au zinatoka katika hali isiyosomeka. Na msururu wa watu wa kati una hatari zake. Oktoba 2020 MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitangaza kwa pamoja kwamba tatizo katika mfumo wa mtoa huduma mwingine limeathiri uhamishaji wa fedha kati ya benki na simu, na huduma hizo zikasitishwa kwa muda. Taasisi kubwa namna hiyo zilikwama kwa kasoro isiyokuwa ndani ya nyumba zao.

Jambo jingine halipatikani katika vitabu vya biashara. Daftari la duka la kambini si orodha ya wateja tu. Ni orodha ya askari: majina, vyeo, namba za simu, na kwa mwenye kusoma vizuri, habari za nani ameacha kununua kwa kuwa yuko safarini. Januari 2018 dunia ilishangaa ilipogunduliwa kwamba ramani iliyochapishwa na Strava, programu ya wakimbiaji, ilionyesha njia za mazoezi za askari ndani ya kambi huko Syria na Afghanistan. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Watu walikuwa wakipima mbio zao. Vivyo hivyo, anayebandika daftari zima katika dirisha la akili mnemba ili limpangie madeni amepeleka habari hizo kwenye kompyuta asizozijua, katika nchi asiyoijua. Kama ni lazima mashine ijaribiwe, ijaribiwe kwa majina ya kubuni. Tena safu za kikosi na cheo hazihitajiki kabisa. Deni la kilo mbili za unga halibadiliki kwa kujulikana kwamba mdaiwa ni koplo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya habari za watu azikusanye kwa sababu halali, kwa ridhaa yao, na azilinde. Na zikivuja, atoe taarifa mara moja. Kampuni inayopatikana na hatia yaweza kutozwa faini hadi asilimia mbili ya mapato yake ghafi ya mwaka. Sheria haiulizi kama programu ilinunuliwa au iliandikwa na mashine. Humuuliza mwenye wateja.

Kwa vyama vya akiba na mikopo shauri ni zito zaidi. Vyama vikubwa kama Wazalendo cha askari wa UPDF, kilichoanzishwa 2005, na Exodus cha polisi, kilichoanzishwa 2007, si vya kulinganishwa na vikundi vidogo vya mtaani, lakini mwanachama ana haki ile ile: akiba yake ya miaka ikutwe kama alivyoiacha. Hesabu ya akiba na riba si mahali pa majaribio. Chama kidogo kisichomudu ada kubwa chaweza kuuliza habari za Mifos na Fineract, programu za wazi zilizotengenezwa mahsusi kwa mikopo midogo, ambazo hazina ada ya leseni. Gharama huwa ni ya fundi wa kuzisimika na kuzitunza, na mafundi wa namna hiyo hupatikana Kampala. Kumwachia mjumbe mmoja aiunde leja ya chama kwa akili mnemba, hata awe mwaminifu kiasi gani, ni kuwatendea wanachama jambo ambalo hawakuliridhia.

Hata hivyo mashine ina nafasi yake, nayo ni pembezoni mwa leja. Yaweza kutunga ujumbe mfupi wa kumkumbusha mdaiwa kwa heshima, kwa Kiswahili au kwa Luganda, mradi mtu ausome kabla haujatumwa. Yaweza kuunda fomu ya kuagiza vifaranga, au jedwali la vipimo vya fundi wa kushona, ambalo programu za ng'ambo hazikulifikiria. Vitu hivyo vikiharibika, hasara ni ya asubuhi moja.

Familia iliyo njia panda yaweza kuanza kwa jaribio lisilo na gharama. Kwa mwezi mmoja daftari liandikwe kwa safu zile zile kila siku, bila kuruka: namba ya mteja, tarehe, kilichochukuliwa, kilicholipwa, siku ya ahadi. Mwisho wa mwezi safu zisizojazwa zitajulikana, na hizo hazifai kulipiwa katika programu yoyote. Kisha muuzaji aitwe, aonyeshwe daftari hilo, na aombwe afanye jambo moja mbele ya mume na mke: aingize wateja kumi wa kubuni katika programu yake, kisha awatoe wote katika faili linalofunguka kwenye kompyuta nyingine. Kijana wa likizo naye apewe mtihani huo huo, na aongezewe wa pili: aandike nywila na maelezo ya matengenezo katika karatasi, kisha atoke nje, na mtu mwingine wa nyumbani aifungue programu bila yeye.