Masikio Yangu Yanalia: Fundi Soudeur, Parashuti na Kelele Isiyozimika

Komite iliniomba niandike juu ya maisha ya mtu mwenye diploma anayefanya kazi ya mikono huku Ubelgiji. Nitaandika, lakini nitapitia mlango mwingine: mlango wa masikio. Juu ya nini? Juu kuko kelele moja ndani ya kichwa changu, sasa mwaka wa nne, na ninaona wengi wenu munaitafuta ile kelele kwa pesa yenu wenyewe bila kujua.

Kwanza munijue. Mimi ni mtoto wa Kolwezi. Nilisoma elektromekanika Lubumbashi, nikamaliza 2009. Nilipofika huku, makaratasi ya kulinganisha diploma yalichukua muda mrefu, na nyumba inataka kulipwa kila mwezi. Nikaenda kujifunza soudure. Leo mimi ni fundi soudeur: natengeneza ngazi za chuma, milango, mihimili ya paa. Sioni haya. Mahesabu niliyosoma yananisaidia kila siku kusoma plani kabla ya wengine kuielewa. Lakini kwenye auditoire hakuna aliyenifundisha kwamba chuma kinakula masikio.

Parashuti nilianzia wapi? Mufanyakazi mwenzangu mmoja alikuwa anaruka kila mwisho wa juma. Siku moja akanipeleka. Niliruka nikiwa nimefungwa kifuani kwa mwalimu, na niliposhuka nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto. Nikaweka pesa pembeni, nikafuata mafunzo, nikapata ruhusa ya kuruka peke yangu.

Mama aliposikia, alikasirika kabisa. Kwetu Kolwezi, parashuti haiko mchezo. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa Ufaransa walishuka juu ya mji wetu kwa maparashuti, katikati ya vita. Mama alikuwa kijana, aliyaona kwa macho. Akaniambia kwa simu: "Mutoto yangu, unatafutaka nini kule mu mawingu? Ile maparashuti tuliiona, ilikuya na masasi." Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba huku wanaruka kwa furaha. Akanyamaza, kisha akauliza kama nimekula.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe.

Siku moja ya Novemba niliamka na mafua. Pua imeziba. Lakini nilikuwa nimelipa, na hali ya hewa ilikuwa nzuri, mbingu wazi. Nikapanda ndege. Tunarukaka kwenye mita 4000 hivi. Kutoka pale mpaka karibu mita 1500, mahali pa kufungua parashuti, mwili unaanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Haifiki hata dakika moja. Njo hapo maumivu yaliniingia kwenye sikio la kushoto, sawa na mtu ananichoma na msumari. Nilifika chini salama, lakini sikio lilikuwa limeziba, na ndani yake kulikuwa kitu kinapiga filimbi: iiiiii, bila kupumua. Nikasema kesho itaisha. Mpaka leo haijaisha.

Wacha niwaeleze ni nini kilitokea. Kwenye mita 4000 nguvu ya hewa ni karibu sehemu 6 juu ya 10 za ile ya pwani ya bahari. Nyuma ya ngoma ya sikio kuko chumba kidogo chenye hewa, na mrija mwembamba unakiunganisha na nyuma ya pua. Ukimeza mate au ukipiga miayo, mrija unafunguka na hewa ya ndani inalingana na ya nje. Ukiwa na mafua mrija unavimba, unajifunga. Unaposhuka haraka, hewa ya nje inazidi nguvu na kuisukuma ngoma ndani. Warukaji wana dawa ya hiyo: unafunga mdomo, unabana pua kwa vidole, unapuliza polepole mpaka masikio yafunguke. Inaitwa Valsalva, jina la munganga wa Italia aliyekufa 1723. Lakini ikiwa mrija umefungwa na makamasi, kupuliza hakusaidii, na ukilazimisha kwa nguvu unaweza kuumiza sikio la ndani. Kwa hiyo sheria ni moja: mwenye mafua haruki. Niliijua. Niliivunja juu ya pesa niliyolipa.

Nilikwenda kwa munganga wa masikio. Alitazama ngoma: nyekundu, lakini haijapasuka. Akaniingiza kwenye kachumba kasiko na sauti, akanivalisha kaske, akaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Kisha akanionyesha karatasi. Mistari miwili, wa kushoto na wa kulia, ilikuwa inaenda vizuri, halafu yote miwili ikaanguka kwenye shimo karibu na hertzi 4000. Akaniuliza: "Wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Shimo la namna ile, kwenye masikio yote mawili, ni alama ya kelele ya miaka mingi. Mafua na parashuti viliumiza sikio moja siku moja. Meuleuse na nyundo vilikuwa vinakula yote mawili tangu zamani, nami sikujua.

Ndani kabisa ya sikio kuko kitu kimejikunja kama konokono. Ndani yake kuko seli ndogo zenye vinywele, karibu 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia inatikisa vile vinywele, navyo vinatuma habari kwa ubongo. Kelele kubwa inavivunja kama vile tembo wakipita kwenye shamba la mahindi. Tofauti ni kwamba mahindi utapanda tena. Seli hizi kwa mwanadamu hazioti tena. Na ubongo, ukikosa habari kutoka sehemu ile iliyokufa, unafanya kama mzee anayetafuta stesheni kwenye redio: anaongeza sauti, anaongeza, mpaka anasikia mvumo wa redio yenyewe. Ule mvumo njo kelele yangu. Haitoki nje. Hakuna anayenisema vibaya, kama wanavyosema kwetu sikio likilia. Wala si buloji.

Wengi wenu munaijua kidogo hali hii. Kama ulishatibiwa malaria kwa kinini, unakumbuka masikio yalivyolia, ukawa unasikia watu kama wako mbali. Ni kelele ya ukoo uleule. Ile ya kinini kwa kawaida inaondoka dawa ikimalizika. Lakini kuko dawa nyingine, kama gentamisini na streptomisini, ambazo zinaweza kuacha alama kwenye sikio kwa maisha yote. Ukiwa unachomwa shindano hizo na masikio yakaanza kulia, mwambie munganga siku ileile, usingoje dozi imalizike.

Na kelele, inaumiza kwa kiasi gani? Watu wa afya ya kazi wanahesabu hivi: desibeli 85, unaweza kukaa nayo saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Ukifika 100, dakika 15 tu, basi. Meuleuse juu ya chuma inafika 100 bila shida. Mimi nilikuwa naishika saa nzima, siku tano kwa juma, na vizibo vya masikio viko mfukoni juu vilinisumbua kusikia redio ya atelier. Sasa fanya hesabu yako wewe: groupe electrogène chini ya dirisha, mashini ya kusaga unga, bafle ya harusi uliyoketi mbele yake, écouteurs unazolala nazo. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa namna wanavyosikiliza muziki.

Siku yangu sasa iko hivi. Usiku ndio mgumu, juu kimya kinaipa kelele nafasi. Nawasha ventilateur hata wakati wa baridi, sauti ndogo, ili ubongo upate kitu kingine cha kushika. Mwanzoni nilikuwa nalala saa tatu kwa usiku, naamka na hasira, nagombana na mke wangu bure. Nilitafuta kidonge. Munganga alinieleza wazi: kidonge cha kuzima hii kelele hakipo. Alinituma kwa mtu wa tiba ya mazungumzo. Nilimwambia munganga, mimi siko kichaa. Akacheka: "Hatutibu kelele, tunatibu woga wako juu ya kelele." Na ni kweli. Mtu akikaa karibu na njia ya treni, baada ya miezi hasikii tena treni. Treni iko, lakini ubongo umekubali kwamba haiko hatari. Nimefika njiani kidogo. Kuko siku napitisha saa nzima bila kuikumbuka.

Kazini navaa vizibo, na juu yake kaske, kila nikishika meuleuse. Lakini nikiwa nyumbani sivai. Ukijifungia kwenye kimya siku nzima, ubongo unaongeza sauti ya redio yake tena, na kelele inapanda.

Na parashuti? Nilikaa miezi mingi bila kuruka, mpaka munganga akaniruhusu. Warukaji wengi wanaweka ndani ya kaske kifaa kidogo kinacholia kukuonya kwamba umefika kimo cha kufungua. Mlio wake ni mwembamba na mkali, ndugu ya kelele yangu mwenyewe. Siku ya kwanza kurudi, nilijiuliza huko juu: hii ni mashini inaniita au ni kichwa changu? Swali la namna ile, ukiwa unaanguka kwa kilomita 200 kwa saa, halifai. Tangu siku ile macho yangu hayaachi saa ya kimo iliyo mkononi, na mlio nauchukua kama msaidizi tu. Nilimwambia pia kiongozi wa kuruka ukweli wote. Nikiwa na mafua nabaki chini, nakunja maparashuti ya wengine.

Nimebakiza kitu kimoja, na njo hicho kilinifanya nikubali kuandika.

Baba yangu alifanya kazi ya atelier ya mgodi zaidi ya miaka thelathini. Sisi watoto tulizoea kusema baba ni mkali, baba hajibu, baba anaongea kwa nguvu kama anagombana. Redio yake ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani. Nikiwa kijana nilikuwa namweleza habari zangu za masomo, anatazama ukuta. Niliumia sana. Nilisema moyoni: huyu mzee hajali.

Baada ya ile karatasi yenye shimo, nilimpigia simu. Nikarudia swali mara tatu, kwa sauti ya juu:

"Baba, masikio yako inaliaka?"

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika.

"Inaliaka. Tangu 1984."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nazani bantu bote banasikiaka vile."

Miaka arobaini na filimbi kichwani, na hakuna aliyemuuliza, wala sisi tuliosoma. Hakuwa ananidharau. Hakuwa ananisikia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, wenye kwenda kwenye migodi, kwenye atelier, nyuma ya bafle za kanisa na za harusi: vizibo vya masikio havifiki bei ya bia moja. Wewe mwenye diploma utakayekuwa mkubwa wa kazi kesho, usihesabu tu makaske ya kichwa, hesabu na ya masikio. Na mukisikia moja ya hivi, kimbieni kwa munganga siku hiyohiyo: sikio limepoteza kusikia kwa ghafula, au kichwa kinazunguka. Kusikia kukipotea ghafula kunatibika zaidi siku za kwanza, kisha mlango unafungwa. Na kelele ya sikio moja tu isiyoondoka, au inayopiga pamoja na moyo, isikae bila kuonwa na munganga.

Juma lililopita mdogo wangu alimpeleka baba kupimwa. Amepata kifaa cha kuweka sikioni. Jana alinipigia yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaniuliza: "Ile masomo yako ya zamani ya elektromekanika, ilikuwa ya nini kabisa?"

Nikamweleza. Saa nzima.