Nyumba Ndogo, Nguo Nyingi na Kanzu ya Ijumaa

Nyumba njema si mlango, walisema wazee wetu, fungua uingie ndani. Fungua basi nyumba nyingi za kupanga za Mombasa, kuanzia Majengo hadi Kisauni, na kitakachokulaki kwanza ni kamba ya nguo. Vyumba viwili, roshani ya hatua tatu, na kila siku kanzu, buibui, leso, vikoi, sare za skuli na nepi.

Majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na kiwanda kilicho wazi juu, kikipata jua na upepo. Chooni mlikuwa na birika, na maji yakichotwa kwa kata. Yaliyokwisha kutumika hayakurudi birikani. Leo kiwanda kimetutoka, lakini nguo hazikupungua wala hukumu ya twahara haikubadilika.

Ijumaa moja nilikwenda kuanua kanzu yangu nikaikuta na matone begani. Kwenye kamba ya juu yake ilining'inia nepi ya mjukuu.

"Bibi, hii ni twahara?" nikauliza.

"Nepi nimeifua, Bwana," akajibu, "lakini karai ni lile lile moja."

Kanzu ikarudi majini, nami nikaenda msikitini na kanzu kuukuu iliyotatuka kwapani. Jioni tukakaa kitako, tukapanga upya ufuaji wa nyumba yetu.

Jambo la kwanza ni najisi. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, maji machache yasiyofika kulateni, yaani kama lita 200 hivi, hunajisika mara tu yaingiwapo na najisi, hata yasipogeuka rangi wala harufu. Karai halifiki hata robo ya kiasi hicho. Ukiitumbukiza nepi ndani yake pamoja na kanzu, umezinajisi zote, na povu la sabuni halitakuokoa.

Dawa si kununua karai kubwa la kuziba njia. Ondoa kwanza najisi yenyewe, kisha ishike nguo juu ya tundu la maji chooni, uimwagie maji safi mpaka rangi na harufu viishe. Mara moja yatosha, tatu ni bora. Hapo ndipo nguo iingie karaini pamoja na wenziwe. Kazi hiyo yataka ndoo na kata tu, navyo hukaa pembeni mwa choo.

Jambo la pili ni kutazama juu. Sakafu ikiwa haba, dari haina mpangaji. Sisi tulitengeneza fremu ya mbao, tukaifunga kamba na kapi, ikawa yapanda na kushuka kama tanga la jahazi. Nguo za sala hukaa kamba ya juu kabisa, nepi chini, hivyo hakuna la kudondokea kanzu. Kanzu huitundika kwa hanga: hula nafasi ndogo, na pasi hupata kazi chache. Acha upana wa kiganja baina ya nguo na nguo ili upepo upite. Nguo mbichi zikilaliana huvunda na kuingia kawa, hasa wakati wa masika, mwezi wa Aprili na Mei.

Jambo la tatu ni siku. Anayengoja Jumamosi afue za wiki nzima hujitafutia dhiki kwa mkono wake, kwani kamba zile zile hazitoshi, na mifereji nayo ina siku zake za kukauka. Sisi tuligawa: leo sare, kesho leso na mabuibui, shuka siku yake, na kanzu Jumatano ili Alhamisi ipigwe pasi. Maji ya suuzo la mwisho hatuyamwagi. Huyaweka ya kuoshea choo.

Tena tusimsahau jirani wa chini. Nguo isiyokamuliwa vizuri ikianikwa roshani humdondokea yeye, naye pia ana kanzu na ana Ijumaa yake. Kukamua vizuri ni haki ya jirani.

Kazi ya kupandisha fremu nimepewa mimi. Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu kavu, nyeupe, isiyo na shaka. Bibi akanitazama akacheka: "Kumbe kufua nako kuna chuo chake, Bwana!"

Kweli, na mimi nimekiingia nikiwa na mvi.