Vikapu Juu ya Rafu: Tuliyoyaona Isingiro

Ndugu wanachama, msimu uliopita palitokea jambo katika ghala letu ambalo wengi wenu mmelisikia, na baadhi yenu mmelisikia limetiwa chumvi nyingi. Ukweli wake ni huu. Vikapu viwili vya karafuu kavu, mali ya wanachama wawili, vilitoka katika rafu ya juu usiku vikamwagika sakafuni. Karafuu zikachanganyika, tena zikachanganyika na mchanga na makonyo. Asubuhi wenye mali wakasimama mbele ya fungu lile, na hapakuwa na mtu awezaye kusema hizi za fulani na hizi za fulani, maana karafuu haina alama. Bahati daftari la mzani lilikuwapo. Tukagawa kwa kadiri ya uzito ulioandikwa siku ya kupokea, na hasara ya zilizochafuka wakaibeba wote wawili kwa kadiri hiyo hiyo. Waliondoka wamepeana mikono, lakini hatupendi kusuluhisha tena shauri la namna ile.

Na tumshukuru Mwenyezi Mungu kwamba zilizoumia ni karafuu tu. Wakati wa uchumaji kuna wageni wanaolala bandani chini ya rafu hizo hizo, na kina mama huja na watoto wao wachanga kuchambua. Kikapu cha kilo 20 kikishuka kutoka urefu wa futi 6 hakichagui kichwa.

Baada ya tukio lile baadhi ya wanachama walishauri rafu ziondolewe, vikapu virudi chini kama zamani. Hatuafiki. Sakafu yetu hutoa unyevu wakati wa mvua, na karafuu kavu huuvuta unyevu huo haraka. Mtu akaenda mzanini na mali nzuri akaambiwa irudi ikaanikwe upya. Na zile mbichi zinazongoja kuanikwa, zikirundikwa zikakosa hewa hupata joto na kuharibika. Kumbukeni kwamba yahitajika kama kilo 3 za karafuu mbichi kupata kilo 1 iliyokauka. Kwa hiyo kila kikapu kikavu kinachopotea ni jasho la vikapu kadhaa vilivyoshushwa mtini. Rafu ya wazi, inayopitisha hewa chini na pembeni, ndiyo mahali pake. Kinachotakiwa ni kuvifanya vikapu vitulie hapo.

Tulikuwa bado tunalijadili jambo hili tulipopata nafasi ya kwenda Isingiro kuonana na wakulima wa kahawa. Kwa wasioujua, Isingiro uko katika mkoa wa Kagera, upande wa Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, karibu na mpaka wa Uganda. Ni nchi ya milima na mabonde, yenye migomba, maharage na kahawa, na baridi yake ya asubuhi ilitufanya tuulizane nani alisema tusichukue makoti. Mambo ya kahawa tutayaandika siku nyingine, ikiwa ni pamoja na ile kahawa ya kutafuna ambayo mgeni huletewa katika kikapu kidogo kwa heshima, na ambayo mmoja wetu aliipenda kupita kiasi akakesha. Leo tuseme ya vikapu.

Watu wa kule wana sababu ya kuliogopa jambo la vitu kuanguka. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, mchana, Kagera ilipigwa na tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 16 walifariki, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupasuka. Madhara makubwa yalikuwa Bukoba na Missenyi, lakini hata huko Karagwe na Kyerwa nchi ilitikisika. Mama mmoja mwenyeji wetu alitueleza jinsi ilivyokuwa katika stoo yake ya maharage. “Rafu haikuanguka, baba zangu,” alisema. “Vikapu ndivyo vilivyotoka, kimoja nyuma ya kingine, kama watoto wanaotoka shule.”

Maneno hayo yalitufungua macho. Sisi visiwani hatukupigwa na tetemeko lile, lakini rafu zetu hutikisika kidogo kidogo kila siku. Lori likirudi nyuma hadi mlangoni, ukuta hutetemeka. Mtu akivuta kikapu kimoja, vishikio hukamata vya jirani yake na jirani naye husogea mbele nusu inchi. Kesho nusu inchi nyingine. Kikapu hakiruki kutoka katika rafu. Huenda polepole mwezi mzima, na siku ya kuanguka watu husema ni paka.

Mama yule baada ya tetemeko alifanya mambo mawili. La kwanza, chini ya kila kikapu ameweka kata, hii hii kata ya kujitwisha mzigo kichwani, iliyosokotwa kwa majani makavu ya mgomba. Vikapu vyake si kama vyetu vya ukili. Ni vya kushonwa kwa kuzungusha, vigumu, na kitako chake ni cha mviringo, hata kikapu kikiwekwa juu ya ubao mtupu huyumba. Kikikaa ndani ya kata hutulia kama mtungi. Tulikisukuma kimoja kwa mkono, kikainama kidogo kikarudi mahali pake. Gharama yake ni majani ya mgomba, na sisi migomba tunayo.

Vikapu vya ukili havihitaji kata, kwani kitako chake ni laini na hulala chenyewe. Taabu yake ni nyingine: ubao ukishakuwa laini kwa miaka ya kuburuta vikapu, ukili hauna pa kushika. Hapo yafaa kutandika kipande cha jamvi kuukuu au gunia, kilichopigiliwa misumari midogo kando zote nne. Msitandike nailoni. Tumeona ghala moja ambalo rafu zote zimefunikwa nailoni ili zipendeze. Vikapu huteleza juu yake kama samaki, na chini yake panatoka jasho. Wala msipake rangi ya kung'aa.

La pili alilolifanya mama yule ni kupigilia ufito ukingoni mwa rafu, mbele, upate kuzuia. Sisi tutatumia papi ya mbao yenye urefu wa inchi 2 kwenda juu. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina masharti, na fundi asiyeyajua atatuharibia. Papi ikiwapo, kikapu hakivutwi tena, hunyanyuliwa. Kwa hiyo kati ya kinywa cha kikapu na rafu ya juu yake lazima pabaki nafasi ya kupita papi na mkono wa mtu, isipungue inchi 6. Pasipokuwa na nafasi hiyo mtu atahangaika siku ya kwanza, siku ya pili ataing'oa papi. Tunawajua wanachama wetu.

Kadhalika ubao wa rafu uinamishwe kidogo kwa nyuma, kama inchi 1 katika upana wa futi 1 na nusu. Hapo uzito wenyewe hukipeleka kikapu upande wa ukuta, nacho kikisogea hurudi ndani badala ya kutoka nje. Lakini kisiuguse ukuta, maana ukuta nao una unyevu. Pawekwe ufito nyuma pia, kiganja kimoja mbali na ukuta, hewa ipate kupita. Na pima kikapu kabla ya kupima rafu: kikapu chenye kitako kipana kuliko ubao hakuna papi itakayokizuia, kwa kuwa nusu yake imekwisha kuwa hewani.

Kuna wanaofunga kamba mbele ya rafu badala ya papi. Si vibaya kwa vikapu virefu, ikiwa kamba inapita nusu ya kimo cha kikapu na imekazwa. Lakini kamba hulegea, na kamba iliyolegea humdanganya mtu kwamba kuna kizuizi. Sisi twapendelea ubao.

Neno moja lililobaki ni zito kuliko yote. Vikapu vikizuiwa visitoke, nguvu ya kutikisika haipotei, hubaki katika rafu yenyewe. Rafu iliyosimama tu bila kufungwa ukutani, ikiwa imejaa vikapu vilivyozuiwa, yaweza kuanguka nzima, na hiyo ni mbaya kuliko kikapu kimoja. Kwa hiyo kwanza rafu zifungwe: miguu ya nyuma ishikwe ukutani kwa vyuma vya pembe, juu na katikati, na pale ukuta ulipo wa udongo zifungwe katika nguzo za nyumba. Baada ya hapo ndipo papi. Na vikapu vizito vikae chini ya kiuno cha mtu. Juu pawekwe majamvi, mapakacha matupu na vitu vyepesi.

Kamati imekubali ghala letu litengenezwe namna hii kabla ya kufunguliwa msimu. Mbao, misumari na vyuma vitanunuliwa kwa fedha za chama. Kata tutazisokota wenyewe, na tunawaomba kina mama wa matawi yote walete majani makavu ya mgomba yaliyofungwa mafungu. Ngazi ya rafu ya juu nayo itabadilishwa, ile ya sasa ina vidato viwili vilivyooza.

Fundi ataanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa moja asubuhi. Mwenye kikapu katika rafu za juu aje kukitoa mwenyewe kabla ya siku hiyo, aje na stakabadhi yake, na kitapimwa mbele yake kinapotoka na kinaporudi.