Gari liko juu ya mawe hadi lini, kaka?

Kuna akina baba wenzetu wana ugonjwa mmoja: gari kuukuu uani. Tuseme ni ile Volkswagen Beetle, injini nyuma, rejeta haina kwa kuwa inapozwa kwa hewa. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, hivyo spea zake mtaani ni za kusaka. Leo bampa, kesho viti, keshokutwa rangi inarudiwa. Mama watoto akiuliza, "Tutapanda lini?" jibu ni lile lile: "Bado kidogo."

Hiyo bado kidogo haina mwisho, jamani, maana kutu haina likizo. Fanya hivi: kabla hujanunua hata bolti moja, andika karatasini gari likiwaje utasema limekwisha. Breki zinakamata, taa zote ziko sawa, injini inawaka asubuhi bila kusukumwa, sakafu haina matundu. Basi!

Yakitimia hayo, lishushe, pakia watoto, mwende mkapunge upepo. Kinachobaki kiite matunzo, nacho kisubiri ada ya shule ilipwe kwanza. Gari la kutazamwa halina siku ya kwisha. La kupanda linayo.