Ugomvi wa Wakubwa, Dhiki ya Wadogo

Wazee wetu walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Neno hili twalitamka kila siku, lakini ni wachache wetu waliolipima katika mambo ya dunia ya leo. Taifa kubwa likigombana na serikali ya nchi nyingine, aghalabu huifungia milango ya masoko na mabenki yake. Marufuku hiyo ndiyo iitwayo vikwazo. Hutamkwa kwa jina la mtawala, lakini huingia katika mfuko wa raia.

Na tuwatazame ndugu zetu wa Sudan. Mwezi wa Novemba 1997 Marekani iliiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara na fedha, ikiishitaki serikali ya Omar al-Bashir kwa kuwasaidia magaidi na kuwadhulumu raia wake. Vikwazo hivyo vilidumu karibu miaka 20, hata vikaondolewa Oktoba 2017. Mtoto aliyezaliwa vilipoanza alikuwa mtu mzima vilipokwisha.

Huenda msomaji akauliza: "Ikiwa ugomvi ni wa serikali mbili, muuza duka wa Omdurman yamhusu nini?" Jawabu ni hili. Dola ndiyo sarafu itumiwayo zaidi katika biashara ya mataifa, na malipo ya dola baina ya nchi na nchi kwa kawaida hupitia mabenki ya Marekani, ijapokuwa mlipaji na mlipwaji wote wawili wako mbali na huko. Aliyefungiwa mlango huo amefungiwa njia kuu. Kwa hiyo kadi za benki zitumiwazo dunia nzima hazikufaa kitu mjini Khartoum. Mgeni alichukua noti za kumtosha safari nzima, na zikimwishia hakuwa na mashine ya kuiendea.

Hata sisi jambo hili lilitugusa. Vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta elimu katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, mjini humo humo. Mzazi aliyetaka kumpelekea mwanawe fedha za matumizi hakuweza kuitegemea kadi, na heri yake aliyempata msafiri mwaminifu.

Wala si fedha peke yake. Mwezi wa Januari 2014 Coursera, kampuni ya Kimarekani itoayo masomo kwa njia ya intaneti, iliwafungia wanafunzi waliokuwa Sudan, Iran na Cuba, kwa kuifuata sheria ya nchi yake. Masomo mengi yalikuwa ya bure. Kijana aliyekuwa katikati ya somo lake aliukuta mlango umefungwa, si kwa uvivu wala kwa deni, bali kwa sababu ya mahali alipokaa. Ilipofika Februari 2015 ndipo Marekani ilipolegeza sheria, ikaruhusu vyombo na programu nyingi za mawasiliano ya watu binafsi zipelekwe Sudan. Lakini kuruhusiwa kununua si kuweza kulipa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chakula na dawa vilikuwa vimefunguliwa njia ya kibali kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000. Lakini mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikiri kuvunja vikwazo vya Sudan, Iran na Cuba, ikakubali kulipa karibu dola bilioni 9. Benki iliyosikia habari hiyo iliona heri kulikataa hata lililoruhusiwa kuliko kujitia hatarini. Hivyo hofu hufika mahali ambapo sheria yenyewe haikufika. Hata baada ya 2017 jina la Sudan lilibaki katika orodha ya Marekani ya nchi zinazosaidia ugaidi mpaka Desemba 2020, na mabenki mengi yakaendelea kusitasita.

Hatusemi kwamba mtawala dhalimu aachwe afanye apendavyo. Dhulma lazima izuiwe. Lakini dini yetu yatufundisha kwamba kosa la mtu halimwandami jirani yake, na adhabu imwachayo mkosaji akila na kunywa, ikamnyima mwanafunzi somo, haijafika ilikotumwa.

Basi enyi vijana, msimcheke mwenzenu aliyefungiwa mlango mliofunguliwa ninyi. Nanyi wazazi na wafanyabiashara, mkidaiana na mtu wa nchi ya namna hiyo naye akachelewa kulipa, msifanye haraka kumwita laghai. Ulizeni kwanza, kisha mpeni muhula, kwani huenda fedha anazo mkononi na njia hana.

Tangu Aprili 2023 ndugu zetu wa Sudan wameangukiwa na balaa kubwa zaidi, la vita. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki, na atujaalie sisi insafu katika kuwahukumu watu. Amin.