MBEGU YA MUHOGO HAIWEKWI GHALANI

Miongoni mwa aina za muhogo zipendwazo sana katika pwani ya Kenya ni Kibandameno. Hukomaa mapema, na utamu wake wajulikana na kila apikaye muhogo wa nazi, toka Likoni hata Kisauni na Changamwe.

Lakini Kibandameno ina maadui wawili. Wa kwanza ni batobato, ugonjwa ukunjao majani na kuyatia mabaka. Wa pili ni michirizi ya kahawia, uozeshao mizizi ndani kwa ndani, hata mkulima asijue hasara yake mpaka siku ya kung'oa. Ugonjwa huu wa pili ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza katika Tanganyika, mwaka 1936. Yote mawili huenezwa na nzi weupe wadogo, na pia na mkulima mwenyewe apandapo vijiti vya shina gonjwa.

Kwa sababu hiyo watafiti wa kilimo wa Mtwapa walitoa aina zinazostahimili magonjwa hayo, kama Tajirika na Shibe. Yafaa zipandwe. Hata hivyo si busara kuziacha kabisa aina za zamani. Huko Ireland maskini wengi walitegemea aina moja tu ya viazi. Ugonjwa ulipoingia mwaka 1845 ulivikuta vyote ni dhaifu, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi.

Tena, mtama na mahindi huwekwa ndani ya debe kungojea mvua. Muhogo sivyo. Kijiti hukauka upesi, na mbegu yake huhifadhiwa kwa kupandwa tu. Shamba likigeuzwa kiwanja cha nyumba, na jirani hakupewa vijiti, aina hiyo imetoweka mahali hapo.

Basi mkulima atakaye kuihifadhi Kibandameno na afanye hivi. Achague shina ambalo majani yake hayana mabaka. Aing'oe mizizi yake na kuikata. Akiona alama za kahawia ndani, asichukue mbegu hapo. Vijiti vizuri avipande mbali na muhogo mwingine, na mche utakaougua aung'oe mara moja. Kisha ampe jirani vijiti vichache, ili shamba moja likiharibika, mbegu ipatikane katika la pili.