Kitenzi kimoja, mzigo mzima

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu kitenzi cha Kiingereza. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya darasani, na kwamba mtu mzima mwenye shughuli zake mjini hana haja ya kurudishwa kwenye ubao na chaki. Naomba wavute subira. Tutaanza na mkutano mkubwa wa mataifa, kisha tutashuka taratibu mpaka kwenye mkataba wa chumba unachopanga.

Mwezi Desemba mwaka 2015, wajumbe wa nchi zinazokaribia 200 walikutana mjini Paris, Ufaransa, kukamilisha mkataba wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Baada ya majadiliano ya wiki mbili, rasimu ya mwisho iligawanywa tarehe 12 ya mwezi huo. Wanasheria wa Marekani walipoipitia wakakuta, katika aya ya nne ya kifungu cha 4, neno moja lililowashtua. Rasimu ilisema kwamba nchi zilizoendelea "shall" kuendelea kuongoza katika kupunguza gesi zinazochafua anga. Kwa nchi zinazoendelea, neno lililotumika lilikuwa "should".

Masikioni mwetu maneno hayo mawili yanaweza kuonekana kama mtu na nduguye. Kwa mwanasheria hayana udugu. "Shall" ni wajibu: usipotimiza umevunja mkataba. "Should" ni rai: inafaa ufanye, inatarajiwa ufanye. Marekani ilisema wazi kwamba kwa neno hilo la kwanza haiwezi kuunga mkono mkataba, kwa sababu wajibu wa namna hiyo ungeweza kulazimu mkataba upelekwe kwenye Baraza la Seneti, na huko matumaini ya kupita yalikuwa haba. Kikao kikachelewa. Hatimaye sekretarieti ikasoma masahihisho kadhaa, na hilo likiwemo, kana kwamba ni makosa ya uchapaji tu. "Shall" ikawa "should". Muda mfupi baadaye mwenyekiti wa mkutano, Laurent Fabius wa Ufaransa, akagonga nyundo yake na mkataba ukapita.

Sasa tujiulize: pale Paris kilibadilika nini? Mtendaji ni yule yule, yaani nchi zilizoendelea. Tendo ni lile lile, kupunguza uchafuzi. Kilichobadilika ni namna msemaji anavyolisimamia tendo lake. Je, analieleza kama jambo lililopo? Analiamuru? Analitaka? Analipendekeza? Au analiwazia tu, akijua kwamba halipo? Jambo hilo ndilo Waingereza wanaloliita "mood" ya kitenzi, nasi hapa tutaliita hali ya kitenzi. Wala "mood" hii haihusiani na furaha au huzuni ya mtu. Ile ya moyoni ni neno la kale la Kiingereza. Hii ya sarufi imetokana na neno la Kilatini "modus", lenye maana ya namna au jinsi, na matamshi yakaja kufanana.

Vitabu vya sarufi hutaja hali kuu tatu. Ya kwanza ni ya kuarifu: "He pays rent", analipa kodi. Ya pili ni ya kuamuru: "Pay the rent!", lipa kodi! Ya tatu ni ya kutaka au kuwazia, ambayo wao huiita "subjunctive". Hiyo ya tatu ndiyo inayowasumbua wanafunzi wetu, makarani wetu, na waandishi wetu wa habari. Zaidi ya hizo, vipo vitenzi visaidizi kama "shall", "should", "may" na "would", ambavyo leo hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na miishio ya vitenzi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sisi Waswahili hatukupaswa kusumbuka hata kidogo, maana hali hizi tunazo nyumbani, tena waziwazi. Mtoto wa miaka minne anajua tofauti ya "anakuja" na "aje". Anajua kwamba ukisema "mama anataka uende", mwisho wa kitenzi unageuka kuwa e. Hakufundishwa na mtu. Tatizo letu ni kwamba tunapoingia katika Kiingereza tunaiacha elimu hiyo mlangoni pamoja na viatu.

Basi tuichukue tuingie nayo. Nitatoa mafunzo matatu.

Funzo la kwanza ni la ile e. Kiswahili husema: "Napendekeza apewe nafasi." Kiingereza husema: "I recommend that he be given a chance." Hawasemi "he is given". Vivyo hivyo, "Wananchi wanadai mkurugenzi ajiuzulu" ni "The people demand that the director resign", bila ile s ya mwisho ambayo walimu wetu walituchapia viboko tuikumbuke. Hapa s haitakiwi. Kitenzi kinabaki kitupu, na utupu huo ndio alama yake. Kwa hiyo kanuni ya mkononi ni hii: baada ya vitenzi vya kudai, kupendekeza, kusisitiza na kuagiza, pale ambapo Kiswahili chako kingetia e, Kiingereza hukivua kitenzi nguo zake zote.

Mtu asione ajabu kwamba kukosekana kwa alama kunaweza kuwa alama. Hata kwetu yapo hayo. Tunasema "Mungu akulinde", na e inaonekana. Lakini tunasema pia "Mungu akubariki", na hakuna e, kwa sababu vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu havibadilishi mwisho wake. Tunajua ni dua kwa kuwa haikusemwa "anakubariki" wala "atakubariki". Waingereza nao wanapouita wimbo wao wa taifa "God Save the King" hawaarifu kwamba Mungu humwokoa mfalme wao. Wangearifu, wangesema "saves". Wanamwomba amwokoe.

Zamani sana, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, hali hii ilikuwa na miishio yake katika Kiingereza, na katika umoja mwishio huo ulikuwa e. Ni sadfa tu, hatuna undugu nao. Karne zilivyopita miishio hiyo ikapukutika. Mwaka 1926 mtaalamu wao mmoja maarufu, H. W. Fowler, aliandika kuwa hali hii inakaribia kufa, isipokuwa katika matumizi machache. Haikufa. Katika karne hiyo hiyo ya 20 Wamarekani waliitumia kwa nguvu mpya, na Waingereza wengine wakaipokea kutoka kwao. Hadi leo Mwingereza anaweza kupendelea kusema "that he should resign", na hilo si kosa.

Kwa nini tujali? Sikiliza sentensi hizi mbili. "The committee insists that the money is in the bank." Ya pili: "The committee insists that the money be in the bank." Ya kwanza maana yake ni kwamba kamati inashikilia kuwa fedha zipo benki. Ya pili, kamati inataka fedha ziwepo benki, na huenda sasa hazipo. Mwandishi wa habari anayechanganya hizi mbili ama amemsafisha mwizi, ama amemtia wasiwasi mtu safi. Kwa Kiswahili asingekosea, kwa sababu "zipo" na "ziwepo" hazifanani hata usiku wa giza.

Funzo la pili ni la -nge-. Mtu asiye na gari husema: "Ningekuwa na pesa, ningenunua gari." Kiswahili ni lugha ya haki, kimegawa -nge- pande zote mbili. Kiingereza hakigawi hivyo. "Would" hukaa upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wa sharti, wenye "if", hupewa kitenzi chenye sura ya wakati uliopita: "If I had money, I would buy a car." Wengi wetu, kwa kufuata haki ya Kiswahili, husema "If I would have money, I would buy a car", na msahihishaji huweka mstari mwekundu.

Ugumu ni kwamba ile "had" si ya jana. Mtu huyu hazungumzii pesa alizokuwa nazo mwaka juzi, anazungumzia pesa asizo nazo leo. Kiingereza huazima vazi la wakati uliopita kuonyesha umbali, na hapa si umbali wa siku bali umbali na ukweli. Ndiyo maana husemwa "If I were you", yaani ningekuwa wewe. Ingekuwa habari ya kweli ya zamani, ingekuwa "I was". Wenyewe katika mazungumzo husema pia "If I was you", lakini katika mtihani na barua rasmi shika "were", hutajuta.

Na majuto je? Nayo yana vazi lake. "Ningalijua, ningalikuja" ni "If I had known, I would have come." Hapa jambo limekwisha kupita, kwa hiyo umbali unaongezwa hatua moja nyuma. Kwetu wapo wanaotofautisha -nge- ya sasa na -ngali- ya wakati uliopita, na wapo wanaozitumia kwa kubadilishana. Kiingereza hakina uhuru huo. Ukikosea, msikilizaji hatajua kama nafasi bado ipo au imekwenda na maji. "If I had the certificate" maana yake cheti sina sasa, pengine nitakipata. "If I had had the certificate" maana yake usaili ulikwisha, na kazi kachukua mwingine.

Funzo la tatu ni la amri. Kiswahili kina ngazi. Unaweza kusema "nipe", ukapanda kwenye "unipe", ukapanda tena kwenye "naomba unipe", na kwa mtu mzima ukaanza na shikamoo. Amri yetu hujua pia idadi: njoo kwa mmoja, njooni kwa wengi. Amri ya Kiingereza ni moja tu, "come", kwa mmoja na kwa umati, na haina ngazi ndani yake. Heshima wanaijenga nje ya amri, kwa "could you" na "would you". Wanaazima vazi lile lile la umbali, safari hii kwa ajili ya adabu.

Kwa hiyo kijana anayeandika barua ya kuomba kazi akisema "Give me the job and reply quickly" hakukusudia ufedhuli. Ametafsiri tu. Lakini anayesoma barua hajui moyo wake, anaona amri. Angeandika "I would be grateful if you would consider my application", angefika. Na tusidhani kosa hili ni la upande wetu tu. Kule Kenya, enzi za ukoloni, walowezi walikuwa na Kiswahili chao kilichoitwa Kisetla, nacho kilikuwa lugha ya kutolea amri shambani na jikoni. Aliyejifunza hali moja tu ya kitenzi husikika kama bwana mkubwa, hata pale anapoomba maji.

Sasa turudi kwenye "shall", na mkataba wa chumba niliouahidi. Mikataba mingi ya pango na ya ajira mijini mwetu huandikwa kwa Kiingereza, na mtu hutia sahihi akiangalia tarakimu tu. Tazama na vitenzi. "The tenant shall pay six months' rent in advance": hapo umefungwa, utalipa kodi ya miezi sita kabla. "The landlord may repair the roof": hapo mwenye nyumba ana hiari, akipenda atatengeneza paa, asipopenda utaweka ndoo. Kama ulikubaliana naye kwa mdomo kwamba paa ni kazi yake, dai neno "shall" kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na mwajiri akiandika "may pay a bonus", usiende kukopa kwa kutegemea bonasi hiyo.

Kwa Kiswahili cha sheria, kazi ya "shall" mara nyingi hufanywa na -ta-. Ndivyo ilivyo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977: pale nakala ya Kiingereza inaposema "shall", ya Kiswahili husema "atakuwa" au "kutakuwa". Hiyo si ahadi ya kesho wala utabiri. Ni wajibu. Ukiona "mpangaji atalipa", jua kwamba umeamriwa kwa sauti ya upole.

Ndugu msikilizaji, sikusema haya ili tukitukuze Kiingereza, ambacho kina matatizo yake ya kutosha. Nimesema kwa sababu mikataba, barua za kazi na maazimio ya mataifa bado yanaandikwa kwa lugha hiyo, na mzigo wake unabebwa na watu wetu. Wale wajumbe wa Paris walikuwa na wanasheria wa kuwasomea kila kitenzi. Wewe mwenye chumba kimoja cha kupanga huna. Una Kiswahili chako. Basi kila sentensi ya Kiingereza inayotaka sahihi yako, igeuze kwanza kwa Kiswahili na ujiulize: hapa ni analipa, alipe, atalipa, au angelipa? Ukishindwa kujibu, usitie sahihi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.